Nyoka alipotoroka, sikumwambia yaya

Wewe unayefuga paka au kuku wawili watatu nyuma ya nyumba huenda ukashangaa nikikuambia kwamba katika nyumba yangu ya vyumba viwili mtaani Buruburu, Nairobi, tuliwahi kuishi na nyoka. Hakuwa wangu. Alikuwa wa ndugu yangu mdogo, aliyesomea mambo ya wanyama na kuja kukaa kwangu akitafuta kazi. Kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) alikuwa nacho, maana hapa Kenya kufuga nyoka bila kibali ni kosa. Karatasi hiyo aliibandika ukutani kana kwamba ni cheti cha ndoa.

Nyoka mwenyewe alikuwa yule wa rangi ya kahawia ambaye huingia majumbani kuwinda panya. Hana sumu. Humkaba panya kwa mwili wake, kisha akammeza.

"Dada, huyu hata ukimshika hakufanyi kitu," ndugu yangu aliniambia. Nikakubali shingo upande.

Kasoro ilikuwa kwenye sanduku. Lilikuwa la kioo, lenye milango miwili ya kusukuma kando, mmoja ukipita nyuma ya mwenziwe. Kufuli halikuwa nalo. Nami niliyekuwa nikifunga mlango wa mbele kwa makomeo mawili kwa kuhofia wezi, sikuliona hilo.

Jumatatu moja ya baridi, Julai 2017, tuliamka tukakuta kioo kimesogea upana wa kidole. Nyoka hayumo.

Ndugu yangu alinieleza siku hiyo jambo ambalo angalilisema mapema. Nyoka hana mikono, lakini ana usiku kucha. Hupapasa kila ukingo kwa pua, akisukuma hapa na pale, na palipolegea hupasukuma tena na tena. Kichwa kikishapenya, mwili hufuata.

Sasa nikuambie lile linalonitia haya. Binti yangu alikuwa na miaka minne. Alilala chumba kimoja na yaya, yaya godoro lake likiwa sakafuni. Sikumwambia yaya. Nilijua angefunga virago siku hiyo hiyo, na mimi nilitakiwa kazini saa mbili. Tena nilimwogopa mwenye nyumba. Nikajituliza kwamba nyoka hana sumu.

Usiku ndugu yangu alinyunyiza unga wa ngano vizingitini ili nyoka akipita tuone njia yake. Asubuhi yaya aliufagia huku akinung'unika kwamba watu wa nyumba hii wanachezea chakula. Siku tano mfululizo alifagia na kunung'unika, nami nikinywa chai kimya.

Siku ya sita alisogeza friji apige deki. Nyoka alikuwa nyuma yake, amejikunja karibu na mota penye joto. Ukelele alioutoa ulileta majirani na fimbo. Ndugu yangu aliziba mlango kwa mwili wake, akamtia nyoka ndani ya foronya kabla hajapondwa.

Watu walipotawanyika, yaya aliniuliza swali moja tu: "Mama, ulijua?"

Baada ya hapo nilianza kusoma habari za watu wengine. Mwaka 2009 huko Florida, Marekani, chatu wa jamii ya Asia alitoka katika sanduku lililofunikwa kwa blanketi tu, akamuua mtoto wa miaka miwili kitandani mwake. Mama wa mtoto na mpenziwe walihukumiwa kifungo cha miaka 12 mwaka 2011. Miaka minne baada ya kifo hicho, katika mji wa Campbellton nchini Kanada, chatu wa Afrika, wa jamii ya hawa wa kwetu, alipitia tundu la hewa akatokea chumba walimolala ndugu wawili, mmoja wa miaka 4 na mwingine wa 6. Wote wawili walikufa. Nyoka wetu hakufika hata mita moja, lakini nilisoma habari hizo nikiwa nimemkumbatia binti yangu.

Tulikwenda Gikomba kwa fundi. Alitutengenezea sanduku la mbao lenye kioo mbele, mlango wa bawaba, komeo na kufuli. Kufuli peke yake halitoshi, kwa hiyo matundu ya hewa aliyaziba kwa wavu wa chuma, akaukaza kwa skrubu. Ikiwa unayo milango ya kusukuma kama ile yetu ya kwanza, yako makufuli madogo yenye meno, yale yanayofunga makabati ya kioo ya wauza simu. Ufunguo mmoja ulikaa shingoni mwa ndugu yangu, mwingine katika mkoba wangu. Kusema kweli, kufuli hilo lilikuwa la nyoka na la binti yangu pia, kwani mkono wa mtoto wa miaka minne nao hufungua vitu.

Ndugu yangu alipata kazi mwaka uliofuata, akaondoka na sanduku lake.

Yaya hakungoja kuliona sanduku hilo. Alidai mshahara wa siku zake, akakunja godoro, akambusu mtoto. Mlangoni nilimwambia nyoka yule hakuwa na sumu. "Najua," alijibu. "Na wewe ulijua."