Chakula cha Nyumbani Garissa

Nilipohamishiwa Garissa nilidhani tutaishi kwa vyakula vya makopo, maana mbali na ukingo wa Mto Tana, penye maembe na ndizi, sikuona ila vumbi na miiba. Mtoto wetu alikonda, akakataa kila kitu. Ndipo jirani yetu, mama wa Kisomali, alipomfundisha mke wangu nyirinyiri: nyama ya ngamia hukatwa vipande vidogo, huanikwa, hukaangwa, kisha huhifadhiwa ndani ya samli, nayo hukaa miezi bila kuoza. Maziwa ya ngamia naye hutuletea, katika chombo kilichofukizwa moshi wa kuni. Sisi huyachemsha, kwa kuchelea homa iletwayo na maziwa mabichi, na mama yule hutucheka sana! Katika ukame wa 2020 hadi 2023, ng'ombe walipokufa kwa wingi, ngamia wengine waliendelea kukamwa. Mtoto sasa huomba kikombe cha pili.