Bustani ya Forodhani, Unguja

Msafiri afikaye Unguja huiona bustani ya Forodhani, mbele ya Ngome Kongwe. Ilifanyizwa mwaka 1936 kwa yubile ya Sultani Khalifa, ikachakaa. Shirika la Aga Khan likaitengeneza, ikafunguliwa tena mwaka 2009. Jioni wauza samaki huwasha taa zao, na jamaa hupumzika humo.

Lakini mkabala nayo ni Beit-el-Ajaib, jumba la mwaka 1883. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, watu wawili wakafa. Basi, ninyi mzijuao nyumba za udongo mwafahamu: tundu la dari hufukiwa kabla ya masika. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.