Ni Mashine Ile Ile?



Jambo ninalotaka kuwasimulia lilinipata hapa Kindu mwaka 2018, nilipokuwa karani wa parokia. Ni jambo dogo, na wengine watacheka. Lakini lilininyima usingizi, na nadhani wengi wenu mmelipitia bila kulitazama.

Parokia yetu ilikuwa na kompyuta moja, zawadi ya wageni waliorudi kwao Ulaya. Kazi yake kubwa ilikuwa kunakili madaftari ya ubatizo. Mnajua jinsi watu wa Maniema walivyohamahama kwa sababu ya vita. Mtu hufika kutoka Kalima au Kasongo, anataka kufunga ndoa, anaomba cheti cha ubatizo, na ukifungua daftari unakuta mchwa wametangulia. Kwa hiyo tulikuwa tukiandika majina yote upya katika kompyuta, mwaka kwa mwaka. Tulikuwa tumefika 1974.

Jioni moja umeme ulirudi ghafula, kwa nguvu kupita kiasi. Nikasikia mlio kama wa karanga inayopasuka, kisha harufu ya kuungua. Mashine ikazimika.

Kesho yake nikaifunga katika mfuko wa plastiki, nikavuka mto Lualaba kwa mtumbwi mpaka Alunguli, mashine magotini pangu. Huko alikaa fundi mmoja, kijana mpole mwenye mikono myepesi. Akaifungua, akapima, akasema, “Baba, diski ni nzima. Majina yenu yapo. Lakini kadi mama imekufa.” Kadi mama ni lile bao kubwa la ndani ambalo vyombo vyote hushikamana nalo. Alikuwa na nyingine, aliyoitoa katika kompyuta kuukuu ya ofisi fulani. Akaiweka ndani ya sanduku letu pamoja na diski yetu, na siku ya pili mashine ikaamka.

Iliamka, lakini kwa kununa. Kioo kikawa cheusi, na pembeni yakatokea maandishi kwamba Windows hii si halali.

“Usihangaike, Baba,” akasema fundi. “Mna kibandiko ubavuni.” Kweli, kwenye sanduku letu kulikuwa na kibandiko cha Windows 7 chenye herufi na tarakimu 25. Akaziandika. Mashine ikakataa, ikatuambia tupige simu. Tukapiga namba ya ng'ambo, salio likiyeyuka kama chumvi katika maji. Sauti iliyorekodiwa ikatutaka tusome mfululizo wa namba, kisha ikauliza, Je, programu hii imewekwa katika kompyuta ngapi?

Fundi akaninong'oneza, “Sema moja, Baba.”

Nikakata simu.

Akanitazama kama mtu aliyeona mzee akitupa chakula mtoni. Lakini mimi sikujua kama “moja” ni kweli. Kama hii ni kompyuta yetu ya zamani iliyopona, basi ni moja. Kama ni kompyuta nyingine iliyovaa shati la marehemu, basi ni mbili. Fundi akatoa diski katika mtoto wa meza. “Basi ninayo dawa nyingine. Hii huidanganya mashine, haiulizi tena. Mji mzima tunatumia hii.” Nikamshukuru, nikamwomba anisubiri kidogo, nikarudi ng'ambo yetu mikono mitupu.

Padri hakucheka. Aliniuliza neno moja tu, “Mapatano yenyewe umeyasoma?” Sikuwa nimeyasoma. Nani huyasoma? Akanionyesha katika Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2410, kwamba ahadi hazina budi kushikwa na mikataba kufuatwa, kwa kadiri yaliyoahidiwa ni ya haki. “Amri ya saba tunaijua sote,” akasema. “Lakini huwezi kujua kama umeiba kabla hujajua uliahidi nini.”

Basi nikaenda nyumba ya intaneti jioni nne mfululizo, nikasoma kwa Kifaransa changu cha shule. Nikaona kwamba kampuni ya Microsoft ilitoa leseni za namna mbili. Ile inayonunuliwa dukani peke yake inaweza kuhamishwa kwenda kompyuta nyingine, mradi uitoe kwanza katika ile ya kwanza. Ile inayokuja ndani ya kompyuta tangu kiwandani, kama yetu, imefungwa na kompyuta hiyo. Ikifa nayo imekufa. Na kompyuta ni kitu gani? Kampuni hujibu kwamba moyo wake ni kadi mama. Ikiharibika ukaweka nyingine ya namna ile ile, au badala yake iliyotolewa na kiwanda, ni matengenezo. Ukiweka ya namna nyingine, umeunda kompyuta mpya.

Nilifurahi nusu saa, maana yetu iliungua kweli. Kisha nikakumbuka kwamba bao la fundi lilikuwa la kiwanda kingine kabisa.

Niseme wazi, sheria hiyo niliiona ngumu. Imeandikwa na watu ambao duka la vipuri liko mtaani kwao. Sisi kipuri chetu huja kwa ndege, au kwa treni kutoka Lubumbashi, siku treni inapopenda. Hata huko Ulaya watu wameshindana juu ya mambo haya. Mwaka 2012 mahakama ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxembourg, iliamua kwamba aliyenunua leseni ya programu bila mwisho wa muda anaweza kuiuza tena, mradi nakala yake mwenyewe asiitumie tena. Lakini Kindu si Luxembourg. Wala sikutaka kusema, kama wasemavyo wengi, kwamba kampuni ni tajiri haitaumia. Kuku wa tajiri naye ana mwenyewe.

Jioni ya nne, natembea kurudi nyumbani, ndipo nikasimama njiani. Kama kadi mama ndiyo kompyuta, basi lile bao la ofisi lilikuja na leseni yake! Tulikuwa tunasoma kibandiko cha sanduku lisilohusika. Sanduku lake lenyewe liko wapi?

Asubuhi nikavuka tena. Fundi akacheka mpaka akakaa chini, kisha akanipeleka nyuma ya nyumba. Sanduku lilikuwa chini ya mwembe, na ndani yake kuku wa mama yake anaatamia. Mama akasema kwa heshima lakini kwa nguvu, “Karani, kuku wangu hasogezwi.” Nikalala kifudifudi mavumbini, nikamulika kwa simu. Kibandiko kipo! Cha Windows 7, kimechubuka, na mahali pawili sikuweza kujua kama ni B au 8.

Kabla ya kuandika nikamwuliza fundi swali ambalo lilinipa haya: mashine ile aliipataje? Hakukasirika. Akaleta karatasi yenye mhuri: ofisi ile ilimwuzia kama chuma chakavu, na diski yake waliivunja wenyewe. Basi hakuna mwingine aliyekuwa akitumia leseni ile.

Tukajaribu B, tukajaribu 8. Mara ya tatu mashine ikakubali kutupeleka kwenye simu. Sauti ikauliza, kompyuta ngapi? Nikajibu moja, wala sikumtazama fundi. Vifaranga vilipototolewa, mama alinikatia kile kipande cha bati chenye kibandiko, nikaenda nacho nyumbani.

Januari 14, 2020 Microsoft waliacha kuitunza Windows 7, na mashine yetu ilikuwa dhaifu mno kwa programu mpya zaidi. Fundi akaweka Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake ni neno la huko, nasi tunalitambua bila kufundishwa, maana ni utu. Leseni yake inakuruhusu kuiweka katika kompyuta ngapi utakazo na kumpa jirani nakala. Fundi alipoisikia aliguna, akauliza, “Sasa, Baba, wao wanakula nini?” Nikamjibu kwamba wapo wanaolipwa kwa kuhudumia makampuni makubwa yanayoitumia. Hakuridhika sana.

Ile diski yake ya kudanganya sijui kama bado iko katika mtoto wa meza. Sikumwuliza. Madaftari yetu yamefika 1996, na kile kipande cha bati nimekiweka katika bahasha pamoja na nakala ya karatasi yenye mhuri.