Kelele Haikuwa ya Bibi

Wahenga walinena kuwa mwenda pole hajikwai. Mimi nilikwenda mbio nikajikwaa, na ninaandika makala haya mafupi ili mwanafunzi mwenzangu anayekusanya fasihi simulizi asije akajikwaa papo hapo.

Katika utafiti wangu wa uzamili nilimrekodi bibi mmoja wa Lamu akighani utenzi aliorithi kwa mama yake. Nilikuwa nimeazima kinasa sauti kizuri, nikakitegesha kinase kwa ubora wa juu: sampuli 96,000 kwa sekunde, kila sampuli ikiwa na biti 24. Sahani ya CD huwa na sampuli 44,100 na biti 16 tu. Ubora huo una gharama yake, kwani dakika moja ya sauti ya njia mbili hula takriban megabaiti 35, na saa nzima hupita gigabaiti 2. Sikujali. Nilitaka hata pumzi zake zihifadhiwe. Tulipoagana aliniambia, "Mwanangu, ukirudi nitakufasiria maneno yaliyokushinda." Kabla sijarudi, alifariki dunia. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Nilipoicheza sauti ile chumbani mwangu kwa kipakatalishi kilichounganishwa na vipaza sauti, nilisikitika mno. Chini ya sauti ya bibi palikuwa na mvumo mzito usiokatika, na juu yake mipasuko kama chumvi iliyomwagwa motoni. Bila kufikiri mara mbili, nilihukumu kuwa rekodi imeharibika. Nikatafuta programu ya kuondoa kelele, nikaipitisha sauti yote humo, kisha nikaanza kunukuu beti kutoka katika nakala hiyo "iliyosafishwa".

Nilifika ubeti mmoja ambamo mama anamwonya bintiye. Neno moja lilikuwa limefifia kabisa irabu yake ya kwanza. Je, bibi alitamka "ndia" au "ndaa"? Kwa Kiamu, la kwanza ni njia na la pili ni njaa. Vina havikunifaa kwa kuwa neno lilikuwa katikati ya kipande. Mizani nayo haikuamua, kwani yote mawili yana silabi mbili. Nikaandika "ndia". Nakiri kwamba sikuchagua kwa sikio. Nilichagua kwa tamaa. Sura yangu ya tatu ilidai kuwa safari ndiyo sitiari kuu ya utenzi huo, na "ndia" iliniletea ushahidi mlangoni.

Siku moja nilimlalamikia fundi wa maabara kuhusu kinasa sauti kile. Hakunipa pole. Aliniuliza swali moja tu: "Ukirudia kuicheza, mipasuko hutokea sekunde ile ile?"

Sikuwa nimewahi kuchunguza. Usiku ule niliifungua rekodi ya asili, nikasikiliza dakika moja mara tatu, kalamu mkononi, nikiandika kila mpasuko ulipotokea. Mara ya kwanza ulitokea sekunde ya 12 na ya 40. Mara ya pili sekunde ya 5 na ya 33. Mara ya tatu haukuonekana hadi sekunde ya 51. Kelele iliyo ndani ya rekodi haihami. Hii ilikuwa ikihama. Basi ilizaliwa chumbani mwangu, wala si Lamu.

Kuanzia hapo nilibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kwanza niliing'oa chaja ya kipakatalishi, kikabaki kwa betri. Mvumo ulikoma papo hapo! Umeme wetu wa Kenya huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na chaja na vipaza sauti vilipochomekwa katika soketi mbili tofauti, mkondo mdogo ulipata kitanzi cha kuzunguka kupitia waya za ardhini, ukasikika kama mvumo. Nilipovichomeka vyote katika kebo moja ya soketi nyingi, mvumo haukurudi. Jirani yangu alikuwa amenishauri niukate waya wa ardhini. Msomaji mpenzi, usithubutu kamwe: waya huo ndio unaokukinga usiuawe na umeme.

Mipasuko ilikuwa na chanzo kingine. Kipakatalishi huweka akiba ndogo ya sampuli kabla ya kuzipeleka kwenye vipaza sauti, na akiba ikimalizika kabla ya kujazwa tena, sauti hupasuka. Akiba ya sampuli 128 hudumu milisekunde 2.7 katika sauti ya sampuli 48,000, lakini katika ile ya 96,000 hudumu milisekunde 1.3 tu. Ndiyo maana faili za ubora wa juu hupasuka mwanzo, ilhali nyimbo za kawaida hupita salama. Niliiongeza akiba hadi sampuli 1,024, nikazifunga programu zilizokuwa zikifanya kazi kichinichini, na nikautegesha mfumo ucheze sampuli 96,000 kama faili yenyewe. Kimya kikatanda.

Katika kimya hicho nilirudi kwenye ule ubeti. Bibi alivuta pumzi, kisha akatamka wazi, kama aliyeketi mkabala nami: "ndaa". Mama alikuwa akimwonya bintiye kuhusu njaa. Nilirudi nyuma nikasikiliza mara nne, si kwa shaka, bali kwa aibu. Programu yangu ya kusafisha ndiyo iliyoifuta irabu ile pamoja na pumzi yake.

Nusu ya sura ya tatu niliifuta. Msimamizi wangu alipouliza sababu, nilimweleza kisa chote, naye akanitaka nieleze katika sura ya mbinu za utafiti jinsi nilivyoisikiliza data yangu, si jinsi nilivyoikusanya tu.

Mwanafunzi mwenzangu, usiiguse rekodi ya asili. Fanyia kazi nakala. Usikiapo kelele, isikilize tena, kisha uicheze kwa mashine nyingine kabla hujamlaumu aliyekupa sauti yake. Bibi alikuwa amesema wazi tangu siku ya kwanza.