Njia ya Matombo na Somo la Springi

Ndugu msomaji, atokaye Dar es Salaam kwenda Matombo hupita barabara mbili zisizofanana. Ya kwanza ni ile kuu ya lami, ipitayo Kibaha, Mlandizi, Ruvu na Chalinze hadi Morogoro, mwendo wa kilomita zipatazo 190. Ya pili huanzia Bigwa, pembeni mwa mji wa Morogoro, ikauzunguka ubavu wa mashariki wa milima ya Uluguru kupitia Kiroka na Mkuyuni, katikati ya migomba na mifenesi. Mwaka 2014, tulipoifuata njia hiyo, sehemu yake kubwa ilikuwa ya udongo na mawe.

Tulikuwa tukimpeleka Mama kumwona kaka yake mgonjwa. Nawe wajua kuwa miongoni mwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, mjomba si mtu wa kutumiwa salamu tu.

Kwa kuihofia njia ya mlimani, majuma mawili kabla ya safari tuliifunga pikapu yetu springi mpya za nyuma, nene kuliko zile ilizotoka nazo kiwandani. Muuzaji alisema ni springi za njia mbaya, nasi tukasadiki. Lakini hata hatujaifikia njia mbaya, kwenye lami yenyewe, kila kiraka kilitupiga kama nyundo, na baada ya pigo gari likaendelea kurukaruka mithili ya mtumbwi mawimbini. Tulipofika Chalinze Mama alikuwa amejishika kiuno. “Mwanangu,” alisema, “nitafutie basi nirudi nyumbani. Mgongo huu haufiki.”

Tulimsihi avumilie hadi Morogoro. Huko tulielekezwa kwa fundi mmoja mtu mzima, ambaye gereji yake ilikuwa chini ya mwembe. Alimwamkia Mama, akampa kiti kivulini, kisha akatuuliza kabla ya kushika spana: “Gari hili hubeba nini siku zote?” Tukamjibu kuwa hubeba watu watatu na vikapu. Akatabasamu. “Basi mmemnunulia mtoto viatu vya baba yake.”

Maelezo yake yafaa kila mwenye gari ayajue. Springi nene hutengenezwa kwa ajili ya gari lishindalo na mzigo mzito. Gari likiwa tupu, springi hiyo haipati uzito wa kuikunja, hivyo pigo la barabara hupanda moja kwa moja hadi kitini. Huo ndio ugumu. Kurukaruka ni ugonjwa mwingine. Springi ikishakunjwa hutaka kurudi kwa nguvu ile ile, na kazi ya kuituliza ni ya shokomzoba, ambazo wengine huziita shokapu. Ndani yake mafuta hulazimishwa kupita katika matundu madogo, na nguvu ya mtikisiko ikageuka joto. Shokomzoba zetu zilikuwa za zamani na zimechoka. Zisingeweza kuitawala springi yenye nguvu kuliko ile ya kwanza.

Tiba aliianza kwa yale yasiyo na gharama. Kwanza alipima upepo wa magurudumu ya nyuma, akakuta paundi 50, kipimo cha gari lililosheheni. Akaupunguza hadi kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Pili, alituuliza nati za springi zilikazwa wapi. Tulipomwambia kuwa zilikazwa gari likiwa juu ya jeki, alitikisa kichwa. Zikikazwa hivyo, bushi za mpira hujipinda mara gari likishushwa, nazo huizuia springi isicheze. Alizilegeza, akaliacha gari lisimame kwa uzito wake wote, ndipo akazikaza upya.

Hapo tu ndipo alipotutuma dukani kununua shokomzoba mbili zinazolingana na springi zile. Mwisho alitoa bamba moja la springi kila upande, akatuonya kuwa tangu siku hiyo tusilibebeshe gari mzigo mzito. Kukata springi, alisema, ni mwiko.

Kabla ya kutuaga alilikandamiza gari kwa nguvu kwenye pembe ya nyuma, kisha akaliachia. Lilipanda, likashuka mara moja, likatulia. Jaribio hilo hata wewe waweza kulifanya uani kwako: likiendelea kucheza mara tatu au nne, shokomzoba zimekwisha.

Alasiri tuliipita Bigwa. Mawe yalikuwapo, na mashimo yalikuwapo, lakini sasa gari lilishuka na kupanda kwa adabu. Mkuyuni Mama aliomba tusimame anunue machungwa ya mgonjwa. Wala neno la basi hakulitaja tena. Kabla ya magharibi alikuwa ameketi kando ya kitanda cha kaka yake, akimmenyea chungwa.

Ndugu msomaji, ukitaka kubadili springi, jiulize kwanza swali la yule fundi. Gari lako hubeba nini siku zote? Ugumu peke yake si uimara, na anayeulipia ugumu usiohitajika mara nyingi ni abiria, naye huulipia kwa mgongo wake.