Jina la Baba kwenye Fishi



Kila mwezi wa tisa kapita wa wanafunzi anakusanya fishi za darasa zote na kuzipeleka ofisini. Kwenye fishi kuna mstari wa jina la baba, na chini yake mstari wa kazi ya baba. Sisi kila mwaka tunaandika «shofere». Kama angali anaendesha gari ao hapana, hatujui. Tukisema sisi, ni sisi watatu wa tumbo moja: mkubwa wetu, ndiye kapita na ndiye anayeshika kalamu hii, dada yetu wa miaka 14, na mdogo wetu, ambaye baba alimwacha tumboni.

Baba alitoka Lubumbashi mwezi wa tano 2014 na lori ya watu, akapita Kasumbalesa, akaingia Zambia. Mwanzo alituma pesa toka Ndola. Kisha akasema anashuka Afrika ya Kusini. Tangu 2016, kimya. Mama anauza unga sokoni Katuba, na ule unga ndio umetulipia minervali, sababu masomo ya bure yaliyoanza 2019 ni ya shule ya msingi, hayakufika sekondari.

Mambo ya tribinali hatukuyafikiri hata siku moja. Mtoto anawezaje kwenda kumsema baba yake mbele ya juji? Lakini Noeli ya 2024 baba mkubwa alifika nyumbani. Alikula bukari, akanawa mikono, halafu akasema: «Batoto ni ba ndugu yangu. Huyu mwanamuke akuye akae kwangu, masomo imetosha.» Mama akamwuliza ni minervali gani amekwisha kulipa. Akajibu kwamba baba ni baba hata akiwa mbali, na neno la baba limebaki kwake yeye. Kwetu Baluba mtoto ni wa upande wa baba. Mama alinyamaza. Dada yetu aliacha kuosha sahani, akabaki na mikono ndani ya maji.

Ni shemasi mmoja aliyetufungua macho. Alituonyesha kwamba Sheria ya Jamaa ya 1987, ile iliyorekebishwa 2016, inakubali mzazi anyang'anywe mamlaka juu ya mtoto. Neno lake la Kifaransa linatisha kidogo, ni kama kusema mtu ameanguka toka kwenye kiti. Lakini, akasema, jina halifutwi, na baba anabaki aliyewazaa. Kinachotoka ni ile nguvu ya kusema «huyu atoke shuleni». Na baba mkubwa anasema kwa nguvu ya ndugu yake. Hiyo ikiondoka, naye hana pa kusimama. Tena sheria ya 2009 ya kulinda mtoto inasema mtoto mwenye akili ya kupambanua mambo asikilizwe katika neno linalomhusu.

Mama akaenda. Karani akauliza miaka yetu, akaandika majina mawili tu. Mkubwa wetu alitimiza miaka 18 mwezi wa kwanza 2025, basi yeye si mtoto tena, hakuna mamlaka ya kumwondolea mtu juu yake. Tulizoea kuhesabiwa watatu. Siku ile alingoja nje, chini ya mwembe, kama mgeni.

Lakini kulikuwa neno lililotusumbua zaidi. Ndani ya barua yake mama alisema: tangu 2016 hakuna habari yoyote. Mama hakusema uongo. Sisi ndio tulikuwa na uongo. Mwezi wa nane 2021 alisahau telefone nyumbani, ikalia, namba ya mbali. Ilikuwa baba. Tulisikiliza wote watatu, vichwa pamoja. Alisema: «Musiambie mama. Nikipata kitu, nitatuma.» Tulinyamaza miaka yote ile. Tulidhani tukisema, hatapiga tena. Na kweli hatukusema, naye hakupiga tena.

Usiku wa kuamkia siku ya tribinali, wakati wa likizo ya Pasaka, tulimwambia mama. Tuliogopa atakasirika kwamba tunaharibu kesi yake. Aliendelea kusonga bukari mpaka ikakauka. Halafu akauliza: «Aliuliza juu yangu?» Tulikosa jibu. Akasema: «Basi kesho museme vile ilikuwa.»

Dada yetu ndiye alisema. Juji, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alimwuliza kama baba alituma kitu nyuma ya ile telefone. Hapana. Akauliza tena: alisema nini kingine? Dada yetu akajibu kwamba aliuliza kama mdogo wetu amekwisha kuanza kutembea. Wakati ule mdogo wetu alikuwa na miaka 7, na siku ile alicheza mpira tangu asubuhi. Juji aliweka kalamu chini kidogo, akaichukua tena, akaandika.

Hukumu bado. Walituambia turudi siku nyingine. Baba mkubwa hakufika, lakini alituma watu kusema kwamba tumemtupa baba yetu. Kuna wenzetu humu shuleni waliosikia na wanatuuliza, ndiyo sababu tumeandika, heri mtu asome kuliko kusikia njiani.

Mkubwa wetu akimaliza mtihani wa Serikali, mwezi wa tisa hatakuwa hapa, na fishi zitakusanywa na kapita mwingine. Dada yetu atajaza ya kwake peke yake. Siku ile, tulipokuwa tunarudi kwa miguu, aliuliza: «Yaya, jina ya baba itatoka ku fishi yangu?» Tukamwambia haitatoka. «Ni muzuri,» akasema. Akatembea mbele yetu ili tusimwone uso.