Watoto Wakiongeza Mwendo wa Ordinatere: Tuliyoyaona Katika Kundi Letu

Siku hizi nyumba nyingi za hapa Lubumbashi zina kijana anayekaa mbele ya ordinatere hadi usiku. Wengine wanacheza michezo tu. Wengine wanatafuta chakula cha nyumba: wanatengeneza filamu za ndoa, za ubatizo na za matanga. Juma hili tunapenda kuwaeleza jambo moja linalowagusa vijana hao na mifuko yetu pia, yaani kuongeza mwendo wa kadi ya picha. Wenyewe wanaita overkloki.

Kadi ya picha ni kile kipande ndani ya ordinatere, chenye vantilatere zake, kinachofanya hesabu za picha na rangi. Kiwanda kinaiwekea mwendo wake, unaohesabiwa kwa megahezi. Lakini kuna programu za bure zinazomruhusu mtu kupandisha mwendo huo kupita kipimo cha kiwanda. Haidai hata faranga moja, ndiyo maana vijana wanaipenda.

Sisi ni wanawake watano wa likelemba moja, na wawili kati yetu ni walimu. Mwaka jana tulikubaliana kwamba fedha ya zamu moja, dola 100, inunue kadi ya picha iliyokwisha kutumiwa, kwa ajili ya mtoto wa mwenzetu. Alikuwa na ordinatere nzito isiyoweza kazi za filamu. Mapatano yalikuwa kwamba kwa kila filamu atakayouza, sehemu inarudi kwenye sanduku letu. Kadi yenyewe ni GeForce GTX 1060, aina iliyotoka mwaka 2016. Ilifanya kazi vizuri miezi mingi, na sanduku lilianza kujaa.

Mwezi wa tisa, kiangazi kikiwa kikali, kazi ikaanza kuchelewa. Rafiki yake akamwonyesha overkloki. Kijana akapandisha mwendo wa kadi kwa megahezi 150, na mwendo wa kumbukumbu yake kwa 600. Namba kwenye kioo zikapanda kweli. Lakini filamu ya ndoa ya dakika 40, iliyokuwa ikitoka kwa dakika 52, sasa ilidai saa nzima na dakika 5. Mara mbili kioo kikawa cheusi katikati, kazi ikaanza upya. Watu wa ndoa walikuwa wametoa avansi, na walingoja filamu yao Jumamosi.

Hapo maneno yakaanza katika kundi. Mmoja alisema mtoto ameharibu mali ya watu. Mwingine akadai dola zake 20. Mama wa kijana akaacha kuja kwenye mkutano. Tukaona kwamba tusipoangalia, tutapoteza vitu viwili: kadi, na ushirika wetu wa miaka sita. Basi tulikwenda kwake wote, pamoja na fundi mmoja wa mtaani, tukachukua na daftari.

Jambo la kwanza tulilomwomba kijana lilikuwa kurudisha kila kitu kwenye kipimo cha kiwanda. Kama kazi inaenda vibaya hata hapo, ujue chanzo hakiko kwenye overkloki peke yake. Filamu ilitoka kwa dakika 52, bila kioo kuzimika. Tukaandika. Lakini tuliona pia joto la kadi: digrii 83. Fundi alitueleza kwamba kadi za aina hiyo, zikifika karibu na digrii hizo, zinapunguza mwendo zenyewe ili zisiungue. Unaweza kuziamuru zikimbie, zenyewe zitapunguza tu.

Akafungua sanduku, umeme ukiwa umekatwa. Mama, vumbi jekundu la barabara zetu tunalijua kwenye mapazia na kwenye sahani. Humo lilikuwa limeziba chuma cha kupoza kama pamba. Na ile dawa inayopakwa kati ya kadi na chuma chake ilikuwa imekauka kama mabaki ya bukari kwenye sufuria. Fundi akapangusa kwa burashi laini, huku akishika vantilatere zisizunguke, akapaka dawa mpya. Tukajaribu tena, bila overkloki yoyote. Joto likashuka hadi digrii 70, na filamu ikatoka kwa dakika 46.

Hapo ndipo tulipoelewa kitu ambacho vijana wengi hawakijui. Kadi hiyo kiwandani imewekewa megahezi 1506, lakini inajipandisha yenyewe hadi 1708, hata kupita kidogo, mradi iko baridi na inapata umeme wa kutosha. Usafi peke yake ulituletea dakika 6.

Halafu tulimruhusu ajaribu overkloki, lakini kwa utaratibu wetu: kugusa kitu kimoja tu kwa mara moja, hatua ndogo ya megahezi 25, kutengeneza filamu ileile, na kuandika dakika. Mwendo wa kadi ulipofika nyongeza ya 100, nukta za rangi zikaanza kuonekana kwenye picha. Hiyo ni dalili kwamba kadi inakosea hesabu. Ukizidi hapo, kadi inanyamaza, na Windows isipopata jibu kwa sekunde 2 inaianzisha upya. Ndiyo maana kioo kilikuwa kinakuwa cheusi. Tukarudi kwenye nyongeza ya 50.

Kumbukumbu ilitushangaza zaidi. Kwa nyongeza ya 200 kazi ilienda vizuri. Kwa 500 hakukuwa na nukta wala kuzimika, namba ilikuwa kubwa, lakini dakika ziliongezeka. Sisi walimu tulielewa haraka. Ukisoma dikte darasani kwa haraka mno, watoto wanainua mikono: "Rudia, mwalimu." Unarudia sentensi hii, unarudia ile, na dikte inamalizika nyuma ya yule aliyesoma polepole. Kumbukumbu ya kadi hiyo inafanya vilevile. Ikitambua kwamba habari imefika na kosa, inaituma tena. Kwa hiyo usipime kwa namba ya megahezi, pima kwa saa ya ukutani.

Ikabaki umeme. Kadi hiyo imepimiwa wati 120. Kitundu cha ubao mkubwa kinaweza kuipa wati 75, na waya wake wa pembeni 75 nyingine. Overkloki inaongeza njaa hiyo, na ukiongeza nguvu ya umeme pamoja na mwendo, joto linapanda haraka kuliko kazi. Jioni, wakati mtaa mzima unapika na umeme unashuka, ordinatere ilizimika mara moja mbele yetu. Tukaiunganisha na stabilizatere ya friji, na kazi kubwa tukazihamishia asubuhi.

Mwisho wa majaribio yote, kadi ikiwa na overkloki ndogo, filamu ilitoka kwa dakika 44. Hesabuni wenyewe: usafi ulileta dakika 6, overkloki ikaleta 2.

Filamu ilifika kwa watu wa ndoa Ijumaa jioni. Aliyedai dola 20 alisoma daftari mstari kwa mstari, akanyamaza, kisha akamwuliza kijana kama anaweza kumtengenezea filamu ya matanga ya shemeji yake. Mama wa kijana alirudi kwenye mkutano juma lililofuata, na hakuna aliyemwuliza alikuwa wapi.

Kwa mama mwenye kijana wa namna hiyo, maswali ni haya, na hayadai kujua mashine. Kwa kipimo cha kiwanda inafanyaje? Joto ni digrii ngapi wakati wa kazi? Vumbi lilitolewa lini? Umebadilisha vitu vingapi kwa mara moja? Na kazi yenyewe imechukua dakika ngapi? Kijana akikosa jibu, msikae kumgombeza. Mpeni daftari na kalamu.

Sasa mwezi wa kumi umeingia na joto lake. Tulijadili kama tuache zile dakika 2 za overkloki au turudi kwenye kipimo cha kiwanda hadi mvua inyeshe. Tulipiga kura, watatu kwa wawili. Tumerudi kwenye kipimo cha kiwanda, na burashi inapita kila mwisho wa mwezi, siku ileile ya likelemba.